Hadithi ya Malaysia kuchukua mbegu za mawese Kigoma: hivi mbegu ndiyo iliyokuwa shida yetu?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumapili nilikuwa msibani Mwandiga. Baada ya maziko wazee wamekaa chini ya mwembe, ikaibuka ile hadithi ambayo kila mtoto wa Kigoma anazaliwa anaikuta: Malaysia walikuja hapa, wakabeba mbegu za michikichi, wakatajirika, sisi tukabaki kuwashangaa. Nimeisikia kwa mwalimu wa darasa la tano, kwa wanasiasa wa vyama vyote, na juzi kwa dereva bajaji kati ya Mwanga na Kibirizi. Hata abiria mwenzangu ambaye alikuwa amesinzia aliamka kuthibitisha.

Najua nitatukanwa, ila hadithi hiyo haina miguu. Michikichi iliyoenea Asia ya Kusini Mashariki chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Asili yake Afrika, hilo halina ubishi, lakini ilifika huko kwa kupitia Amsterdam na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hakuna Mmalaysia aliyepita Simbo na gunia begani. Shamba lao la kwanza la biashara lilianza 1917, chini ya mkoloni.

Haya, tuseme ni kweli waliiba. Mbona mchikichi haukuhama? Upo nyuma ya nyumba ya kila mtu hapa. Mama yangu mdogo anao arobaini na kitu. Kinachomliza si mbegu.

Anayejua mawese anajua kwamba chikichi haina subira. Ukishakata mkungu, ndani ya siku moja, mbili, uwe umeshaupika na kuukamua, la sivyo mafuta yanachacha na bei inashuka. Kwa hiyo mkulima wa mchikichi anahitaji kinu karibu, barabara ya kufika kwenye kinu, na umeme wa kukiendesha. Hivyo vitatu hakuna mkulima anayeweza kuvipanda shambani kwake. Vinatoka serikalini, au kwa mwekezaji ambaye serikali imemshika mkono.

Malaysia walianzisha FELDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza ardhi, mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Familia isiyo na ardhi inapelekwa kwenye msitu uliofyekwa, inapewa kama hekta nne za michikichi, nyumba, shule ya watoto, barabara, na kinu. Gharama ni mkopo, unakatwa kidogo kidogo kwenye mauzo. Wakaweka tozo kwenye mafuta yenyewe ili ilipie utafiti, na 1979 wakawa na taasisi nzima ya utafiti wa mawese. Sisi hapa aina tuliyorithi kwa babu ni Dura, ganda nene, nyama kiduchu. Kampeni ya Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, ya kutugawia Tenera, aina yenye mafuta mengi, kutoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga imeanza 2018. Piga hesabu mwenyewe kutoka 1956.

Mama mdogo mpaka leo anakamulia kwenye lile pipa la kusukuma mti mkizunguka kama punda wa kinu. Masika iliyopita gari la mnunuzi lilinasa kwenye tope siku tatu, mnunuzi akaghairi, mafuta yakauzwa kwa watengeneza sabuni kwa bei ya aibu. Aliponipigia simu hakutaja Malaysia hata mara moja. Aliuliza: "Mwanangu, hivi hii barabara ni ya nani?"

Na mimi sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeleta uzi. Kwa nini serikali ya kule ilipeleka kinu na barabara kwa mkulima, na ya kwetu ikapeleka ahadi? Ukija na "Mwafrika ndivyo alivyo", pita kushoto.

Dagaa Mchele

Siti ya mbele. Naomba na kahawa chungu na kashata.

Kibirizi Kwetu

Mkuu umetuvunjia hadithi ya babu zetu, Mungu anakuona.

Jibu ni rahisi na unalijua, unaogopa tu kulisema. Kigoma tunaadhibiwa kwa kura zetu. 1995 tulimpeleka Dk. Kabourou bungeni kwa CHADEMA. 2005 Kaskazini wakampeleka Zitto, 2015 na Mjini tukamchukua kwa ACT. Matokeo yake umeme wa jenereta za dizeli miaka nenda rudi, gridi ya taifa imeanza kuingia mkoani 2022 kupitia Nyakanazi. Reli ya Mjerumani ilifika hapa 1914! Yaani Mjerumani na mabavu yake alitufikia kabla ya waya wa TANESCO kwa zaidi ya miaka mia.

Na hili la barabara kufungwa kwenye kura si umbea wa kijiweni. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulitenguliwa na mahakama, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, iko kwenye ripoti za sheria za 1996. Yaliyobishaniwa ni pamoja na Redio Tanzania kuegemea upande mmoja, na barabara zetu kukumbukwa ghafla wakati wa kampeni. Kasome.

Mnyamwezi wa Kaliua

Watani zangu Waha, samahani nacheka.

Kama upinzani ndio uliowanyima, basi sisi Tabora tungekuwa Dubai. TANU ilikaa kwetu Januari 1958 ikapitisha Uamuzi wa Busara. Mwalimu kasoma hapa, kafundisha hapa St. Mary's. Miaka na miaka tumekuwa CCM, kijani kuliko majani ya tumbaku. Na mjini pale tumekunywa maji ya Bwawa la Igombe kwa mgawo, wanawake wakiamka saa tisa usiku kuvizia bomba, mpaka maji ya Ziwa Victoria yalipotufikia 2020.

Sasa nyie mlinyimwa kwa kukataa, sisi tulinyimwa kwa kukubali. Mtoto asiyelia na mtoto mkorofi wote wamelala njaa. Nionyesheni mtoto aliyeshiba tujue alifanya nini.

Dagaa Mchele

Hapo kwenye "kijani kuliko majani ya tumbaku" nimemwaga kahawa.

Mwana wa Ujiji

Mnyamwezi, umenigusa penyewe. Hebu angalia FELDA kwa jicho hilo. Walowezi wake walikuwa wapiga kura wa UMNO, chama tawala cha kule, miaka yote, watiifu kama nyie. Tofauti ni kwamba UMNO kilijua kikiwapoteza wale watu wa vijijini kimekwisha, kwa hiyo kinu kisipofanya kazi kuna mtu ofisini anakosa usingizi. Utiifu wenu nyie haukumtisha mtu. Na upinzani wetu sisi haukumtisha mtu vilevile, maana jimbo moja la mwisho wa reli haliangushi serikali.

Nisiwapambe mno lakini. FELDA ilipopeleka kampuni yake kwenye soko la hisa 2012, baadaye zikafuata kashfa juu ya kashfa, na walowezi wengi wakabaki na madeni. 2018 chama kilichotawala tangu uhuru kikaanguka.

Mnyamwezi wa Kaliua

Nirudi kwenye hayo maji kidogo, maana ndani yake kuna siasa ambayo vijana hawaijui.

Kutoka Ziwa Victoria hadi Tabora si mbali kihivyo. Kilichozuia miaka yote hiyo si umbali peke yake. Kuna mkataba wa 1929, Mwingereza na Misri, ulioipa Misri sauti juu ya maji ya Nile mpaka ziwani kwetu. Mwalimu aliukataa 1962, akasema mkataba wa mkoloni haumfungi Mtanganyika. Ila kukataa kwa mdomo ni jambo moja na kujenga bomba ni jambo jingine, wafadhili hawakutaka kuingiza mkono kwenye ugomvi na Misri. Mradi wa Kahama na Shinyanga, enzi Lowassa akiwa Waziri wa Maji, serikali iliujenga kwa pesa yake yenyewe, na Misri ikanuna. Baada ya pale ndipo bomba likavutwa kuja Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India.

Kwa hiyo kuna siku wanasiasa waliamua, na kweli ikawa. Hilo nalo liandikwe, tusiwe watu wa kulaumu tu.

Kamanda Baridi

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni huu utitiri wa kura, vyama, kamati na semina. Korea Kusini miaka ya 60 walikuwa maskini kama sisi. Akaja Jenerali Park Chung-hee 1961, akashika nchi mpaka alipouawa 1979, hakuna kelele, viwanda vikasimama. Leo ukivuka Malagarasi kwenda Uvinza unapita juu ya Daraja la Kikwete lililojengwa kwa mkopo wa hao hao Wakorea. Waliokuwa wanapokea msaada leo wanatukopesha sisi. Tupeni mtu mmoja mkali miaka ishirini, tutaheshimiana.

Mama Kalemie

Kamanda, kaka yangu, nakuomba siku moja uje Kibirizi nikupandishe boti.

Mimi nafanya biashara ng'ambo. Kitenge narudi nacho, sementi na sabuni napeleka. Jioni hewa ikiwa safi milima ya Congo tunaiona kwa macho kutoka hapa hapa. Kule walikuwa naye huyo mtu mmoja mkali unayemtaka. Mobutu alishika 1965 akaondoka 1997. Hakuna aliyempinga akabaki salama. Madini wanayo kuliko sisi, mto wanao, udongo ukitupa mbegu inaota yenyewe. Mwaka 1973 akanyang'anya wageni mashamba na maduka akawagawia watu wake, baada ya muda mfupi maduka yakawa matupu. Reli walikuwa nayo hadi Kalemie, na barabara walikuwa nazo. Nenda leo ukazitafute.

Wafanyabiashara wenzangu wa kule wanakuja Kigoma kufuata bati na misumari. Misumari! Kwenye nchi yenye shaba yote ile.

Wa Korea alikuwa mkali, wa Zaire alikuwa mkali. Ukali ni wa wote, kwa hiyo tafuta sababu nyingine.

Kamanda Baridi

Mama, Mobutu alikuwa mwizi. Mimi nasema mkali mwadilifu.

Mama Kalemie

Na utamjuaje kabla hujampa? Na ukishampa ukakuta ni mwizi, utamtoaje? Mimi hata mkopo wa kitenge sitoi bila kumjua shemeji yake anaishi wapi.

Kibirizi Kwetu

😂😂 Kamanda kaa chini.

Mtoto wa Stesheni

Baba alikuwa TRC Tabora, nimezaliwa kota za reli. Naongeza moja tu. 2007 serikali iliwapa kampuni ya RITES ya India asilimia 51 ya uendeshaji wa reli ya kati, yenyewe ikabaki na 49. Tuliambiwa mwekezaji ndiye mkombozi. Mafuriko ya Desemba 2009 yakaja kukata njia kule Kilosa juu ya matatizo yaliyokuwepo tayari, na 2011 serikali ikachukua reli yake. Miaka minne hiyo niliona wazee wa reli wanauza viazi stesheni. Haikuwa serikali wala mwekezaji, mkataba ulikuwa wa wawili na kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole. Mwenye mzigo Kigoma hakujua amdai nani.

Mhasibu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimesoma kimya tangu juzi. Nimefanya kazi halmashauri tatu za mikoa hii miwili, sitazitaja, nisije nikakosana na watu uzeeni.

Nijibu swali la yule mama wa Mwandiga, maana ndilo swali zito kuliko yote humu na mmelipita. Barabara ni ya nani?

Halmashauri zilifutwa 1972, tukaambiwa ni madaraka mikoani, kumbe ni wakubwa wa Dar walihamia mikoani. Zikarudi kwa sheria za 1982. Mimi nimeanza kazi zikiwa bado changa. Wakati ule mwananchi akikasirikia barabara, anamkuta diwani, diwani anambana mhandisi wa halmashauri kwenye baraza, mhandisi anakuja kwangu kulilia fedha. Fedha zilikuwa haba na wizi ulikuwepo, sikatai. Ila kamba ilikuwa fupi. Ukiivuta huku, kule kuna mtu anashtuka.

Sasa tazama. Barabara za wilaya na vijijini zikaenda TARURA, wakala wa serikali kuu, 2017. Maji vijijini yakaenda RUWASA, wakala mwingine, 2019. Kodi ya majengo ikaenda kwa TRA, mamlaka ya mapato, 2016, leo inakatwa kwenye LUKU ya umeme. Ushuru wa mazao ya biashara ukashushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, jambo ambalo mkulima alilishangilia na kwa haki kabisa, lakini uliza halmashauri za tumbaku Urambo na Kaliua ziliamkaje. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Diwani amebaki na nini? Amebaki na lawama. Anapigiwa simu ya maji, ya barabara, ya nguzo ya umeme, na hata kimoja hakiko mezani kwake.

Kwa hiyo binti yangu kule Mwandiga, mwambie barabara ni ya TARURA, na meneja wa TARURA hakuombi kura.

Fundi Bomba

Mzee shikamoo. Mimi niko upande wa maji kijijini, sitasema wilaya gani. Naomba nikupinge kwa adabu.

Kabla ya RUWASA visima vilikuwa vinachimbwa anakotaka mheshimiwa. Nimekuta kijiji kina pampu tatu kwenye kitongoji kimoja, kitongoji cha pili wanakunywa na ng'ombe. Injinia wa halmashauri hana ubavu wa kusema hapana, anapangiwa. Sasa hivi angalau ramani inatoka kwa wataalamu na vyombo vya watumia maji vinaweka vitabu. Si kila kinachoondolewa kwa diwani kimeporwa kwa mwananchi. Vingine vimeokolewa.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekusikia, na hizo pampu tatu nilizilipia mimi, huenda ni zile zile. Nakubali nusu. Utaalamu upande juu, sawa. Lakini hesabu zibaki chini, zionekane. Hapo ndipo tulipokosea.

Nitoe mfano wa jirani. Uganda miaka ya 90 walifanya ukaguzi wa ruzuku ya shule za msingi, fedha zile za kila mwanafunzi. Wakakuta kati ya 1991 na 1995 kilichofika shuleni ni wastani wa asilimia 13 tu. Kingine kiliyeyuka wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila wilaya imepewa kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia 2001 kinachofika kikazidi asilimia 80.

Na hapa kwetu? Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kwenye mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Kigoma, ya dagaa na vumbi, imekaa meza moja na miji ya Ulaya! 2017 Tanzania ikajitoa kwenye mpango mzima, Manispaa nayo ikalazimika kutoka. Watu wa Kigoma wangapi waliulizwa? Nadhani wengi humu ndiyo kwanza mnasikia kwamba tuliingia.

Kibirizi Kwetu

Mzee mimi ni mzaliwa na nilikuwa sijui. Nimeona aibu.

Mpinga Takwimu

Mzee kwa heshima zote, ule mfano wa Uganda wataalamu wameubishia. Kipindi kile kile serikali yao ilibadili mambo mengine pia kwenye namna ya kupeleka na kufuatilia fedha, na ruzuku ilikua, na elimu bure ikaanza 1997. Gazeti lisipewe sifa yote. Halafu mzazi wa kijijini anayesoma gazeti la Kampala ni yupi?

Mhasibu Mstaafu

Sawa kabisa, usilipe gazeti sifa yote. Lipe robo. Mimi nimekaa kwenye chumba ambacho fedha zinagawanywa, na nakwambia kitu kimoja ambacho hakimo kwenye ripoti: mkono wa mhasibu unakuwa mzito akijua mwalimu mkuu anajua namba. Hata mzazi asiposoma. Inatosha mmoja ajue.

Na msilewe na hati safi za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Hati safi inasema vitabu vimeandikwa inavyotakiwa. Unaweza kujenga choo kwenye kichuguu, risiti zote zipo, ukapata hati safi.

Dagaa Mchele

Choo kwenye kichuguu. Mzee ahsante, leo sijapoteza bando.

Mnyamwezi wa Kaliua

Mleta uzi amekimbia? Tunataka hitimisho lake.

Mwana wa Ujiji

Sijakimbia, nilipanda kijijini. Sina hitimisho, nina mrejesho.

Maneno ya mzee yalinikaa kichwani, nikaenda shule niliyosoma, wanangu wa kaka wanasoma pale. Tangu elimu bila ada ianze 2016 serikali inatenga shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi. Nikamwomba mwalimu mkuu anionyeshe kilichoingia. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata shati la kukunja mikono nilivaa.

Mwalimu akafungua kabati, akatoa daftari, akanisogezea kiti. Kila kitu kimeandikwa: chaki, mitihani, kufuli, ukarabati wa madawati. Akaniambia tangu ahamie pale mimi ni mzazi wa kwanza kuuliza, tena si mzazi, ni baba mdogo. Nikamuuliza mbona haviko kwenye ubao wa matangazo kama inavyotakiwa. Akanitoa nje kunionyesha. Ubao upo, mbao nzuri kabisa, ila chini ya mwarobaini mbuzi wa jirani wamejifunza kwamba karatasi inalika. Kila akibandika Ijumaa, Jumatatu hakuna kitu. Akachoka, akaanza kubandika ndani ya ofisi.

Fundi Bomba

Mbuzi wamekula mapato na matumizi 😂

Kamanda Baridi

Hapo ndipo unapohitaji mkali mmoja.

Mama Kalemie

Wa kula mbuzi?

Mhasibu Mstaafu

Mwanangu, umefanya vizuri. Sasa nenda na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Uliza na mapato ya kijiji. Huko mbuzi ni wa miguu miwili.

Mwana wa Ujiji

Mkutano uliopita haukufanyika, mtendaji anasema watu hawakutimia. Niliowauliza wanasema hawakuambiwa. Tumemwandikia barua watu kumi na moja, mama mdogo ameweka dole gumba, kisha akauliza kama barua hiyo inaweza kutaja na barabara. Nikamwambia barabara ni ya TARURA. Akasema, "Nao waandikie." Nimeandika, nasubiri.

Wakati huohuo nimenunua wavu wa kuku mita mbili kwa ajili ya ule ubao. Anayemjua seremala wa bei nafuu Mwandiga aje PM.